Mtoto anaharisha akiwa kwenye dawa ya sikio: nimkatishe?

*Swali: Assalaam alaykum daktari. Mimi niko Wete, Pemba. Mwanangu ana mwaka mmoja na nusu, kilo 10. Alipata homa na maumivu ya sikio, akaandikiwa dawa ya maji ya amoksilini yenye klavulaniki, siku saba, asubuhi na usiku. Tangu siku ya tatu tumbo linamwendesha, mara nne au tano kwa siku, choo cha maji ya manjano, hakina damu. Leo ni siku ya nne. Anacheza, ananyonya, ila makalio yamekuwa mekundu. Bibi yake anasema nikatishe dawa nimpe flajili. Duka la dawa wananiambia ninunue pakiti za bakteria wazuri, lakini bei yake kubwa. Je, mtindi hautoshi?*

Wa alaykum salaam, mama. Dawa ya sikio usiikatishe usiku huu, flajili usimpe, na hizo pakiti zisubiri kidogo. Unachohitaji sasa hivi ni ORS (unga wa chumvi na sukari wa kuchanganya na maji), vidonge vya zinki, chakula cha kawaida, na kuisoma upya chupa ya dawa uliyonayo.

Nianze na hiyo chupa, maana mara nyingi tatizo huanzia hapo na hakuna anayeitazama. Dawa hii ina vitu viwili: amoksilini inayoua bakteria, na asidi ya klavulaniki inayoilinda amoksilini isivunjwe. Klavulaniki ndiyo inayousumbua zaidi utumbo, huufanya ujikunje na kusukuma haraka. Sasa, chupa za watoto madukani si za aina moja. Zilizoandikwa 156 au 312 kwa kila mililita 5 zina klavulaniki nyingi kwa kulinganisha na amoksilini yake, na zilitengenezwa kwa kunywewa mara tatu kwa siku. Zilizoandikwa 228 au 457 zina klavulaniki chache, na ndizo za mara mbili kwa siku. Tofauti si ndogo. Ukitaka mtoto apate miligramu 400 za amoksilini, kwa chupa ya 457 utampa mililita 5 na atameza klavulaniki miligramu 57. Kwa chupa ya 156 itabidi umpe mililita 16, na klavulaniki itafika miligramu 100. Tumbo la mtoto linaiona tofauti hiyo.

Wewe umeambiwa asubuhi na usiku. Kwa hiyo angalia lebo. Ukikuta 228 au 457, vizuri. Ukikuta 156 au 312, huenda dukani walikosa iliyoandikwa wakakupa iliyokuwepo kwa mililita zilezile, na hapo kipimo chote kimevurugika. Usijirekebishie mwenyewe. Irudishe chupa pamoja na karatasi ya daktari kwa aliyeandika, akukokotolee upya kwa kilo za mtoto.

Kuna na mambo ya uchanganyaji. Chupa inakuja na unga mkavu. Kwanza igongegonge unga uachane na chini, tia kwanza karibu nusu ya maji, yaliyochemshwa yakapoa, tikisa mpaka unga wote ulowane, kisha ongeza maji mpaka mstari uliochorwa kwenye chupa na utikise tena. Povu likipanda, subiri litulie kabla ya kuhakikisha mstari. Aliyetia maji pungufu anampa mtoto dawa kali kuliko ilivyoandikwa, na asiyetikisa kila mara anampa maji matupu siku za mwanzo na dawa nzito siku za mwisho. Pima kwa sirinji isiyo na sindano, kwani vijiko vya chai vya majumbani vina ukubwa tofauti tofauti. Mpe mwanzoni mwa mlo, anapoanza kula, kwani klavulaniki hufyonzwa vizuri zaidi hivyo na tumbo husumbuka kidogo.

Ikishachanganywa inataka friji, nyuzi 2 mpaka 8, na haivuki siku 7. Joto la kwetu huiharibu klavulaniki upesi. Mtungi wa maji haufikii ubaridi huo hata ukiwa kivulini. Umeme ukikatika kwa muda mrefu, funga chupa kwa kitambaa uiweke kwenye chupa ya chai yenye mdomo mpana pamoja na vipande vya barafu, kitambaa kizuie dawa isigande. Nyumba isiyo na friji kabisa iulizie vidonge vya kuyeyusha kwenye maji, ambavyo kila kimoja hukaa kikavu mpaka saa ya kunywewa.

Tukishamaliza na chupa, tuje kwenye tumbo lenyewe. Utumbo mpana wa mwanao umejaa bakteria ambao kazi yao mojawapo ni kuchachua wanga na nyuzinyuzi ambazo utumbo mwembamba haukuzimaliza. Kutokana na kuchachua huko zinapatikana asidi ndogondogo za mafuta, na seli za utumbo mpana hula hizo. Zikishiba, hufyonza chumvi na maji na choo kinashikana. Antibiotiki, yaani dawa ya kuua bakteria kama hii, inapowapunguza bakteria hao, seli zinakosa chakula chake, na wakati huohuo sukari iliyobaki bila kuchachuliwa inavuta maji kuja ndani ya utumbo. Choo kinakuwa maji kwa sababu hizo mbili, na mara nyingi bila mdudu mpya yeyote kuingia.

Ukilielewa hilo, mengi ya nyumbani yanajipanga yenyewe. Juisi ya muwa, juisi za boksi, soda na chai iliyojaa sukari huongeza sukari mahali ambapo hakuna wa kuichachua, ndiyo maana mtoto akinyweshwa juisi "apate nguvu" huharisha zaidi. Dafu ni zuri kama kinywaji cha ladha, lina potasiamu nyingi, lakini sodiamu yake ni ndogo mno kuchukua nafasi ya ORS. Ubuyu na ukwaju ungoje wiki ijayo. Maziwa yako mama ni tofauti na hayo yote: yaendelee kama kawaida, na akitaka zaidi mpe zaidi, usiku na mchana.

Na flajili pia inajieleza. Jina lake ni metronidazoli, na wanaouawa nayo ni vijidudu vya amiba na giadia, na bakteria wale wanaoishi pasipo hewa. Sasa bakteria wengi wa utumbo mpana ni hao hao wasiotaka hewa. Kumpa mtoto anayeharisha kwa sababu ya antibiotiki ni kuwamalizia wale wachache waliobaki, halafu unamwongezea kichefuchefu na ladha ya chuma mdomoni itakayomkatalisha chakula. Bibi hajakosea kuiheshimu, ni dawa nzuri mahali pake: amiba ikionekana kwenye darubini, mara nyingi kwa mtoto anayeharisha damu. Choo cha mwanao hakina damu. Na zile dawa za kufunga tumbo, loperamidi na jamaa zake, watoto wadogo hawapewi kabisa. Utumbo unaweza kusimama na tumbo kujaa.

Sasa ORS. Soma pakiti kabla ya kufungua. Nyingi ni za lita moja, gramu 20.5, lakini zipo za nusu lita na za mililita 200, na kosa la hapa ni hatari: pakiti ya lita moja ikitiwa kwenye nusu lita inakuwa na chumvi maradufu. Kama huna chombo cha kupimia, chupa mbili za maji za nusu lita zilizojaa ndiyo lita moja. Tia maji yaliyochemshwa yakapoa, koroga unga uishe, onja. Chumvi yake isizidi ya machozi. Funika, na baada ya saa 24 mwaga kilichobaki hata kama kinaonekana kizima.

Kwa mtoto wa chini ya miaka miwili ni mililita 50 mpaka 100 baada ya kila choo cha maji. Chukua sirinji yako upime mara moja mililita 50 na 100 kwenye kikombe anachopenda, uweke alama kwa kalamu ya wino usiofutika, na kazi ya kupima imekwisha. Kwa vyoo vitano hiyo ni baina ya robo lita na nusu lita kwa siku, juu ya maziwa na chakula. Mpe kwa kijiko, kijiko kimoja kila dakika moja au mbili. Akitapika, ngoja dakika kumi, uanze tena polepole zaidi. Watoto wengi wanaodaiwa "wamekataa ORS" walipewa kikombe kizima kwa mkupuo wakatapika, ikahesabiwa kuwa hawaitaki. Usiku ukikukuta huna pakiti, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vimesawazishwa juu kwa kisu, katika lita moja ya maji, vitakuvusha mpaka duka lifunguliwe.

Pamoja na ORS anza zinki. Mtoto wa miezi sita na kuendelea hupewa miligramu 20 kwa siku, wa chini ya hapo 10, kwa siku 10 hadi 14. Kidonge kinayeyuka kwenye kijiko cha maji au cha maziwa ya mama. Kikimtapisha, mpe akiwa ameshakula. Utafiti mkubwa uliofanyika India na Tanzania, ukachapishwa 2020, ulionesha kuwa miligramu 10 na hata 5 zilifanya kazi sawa na 20 huku matapishi yakipungua, kwa hiyo mtoto anayetapika kila mara mwambie aliyekuandikia, anaweza kukushushia kipimo. Usiache zinki siku choo kinaposhikana. Siku zilizobaki ndizo zinazoujenga upya ukuta wa utumbo.

Kwa kuwa tumetaja madini: ikiwa nyumbani kuna dawa ya kuongeza damu, ya chuma, iweke kando mpaka ugonjwa uishe na damu ipimwe. Pemba hii hii ndiko kulikofanyika jaribio la chuma na zinki kwa watoto wadogo, matokeo yakatoka 2006, wakati malaria ilipokuwa imejaa kisiwani. Waliopewa chuma na asidi ya foliki walilazwa au kufariki zaidi, huku waliokuwa na upungufu wa chuma kweli wakinufaika. Chuma kinachobaki utumboni huwalisha bakteria wabaya vilevile.

Chakula kisikatwe. Uji mwepesi peke yake siku tano mfululizo unamdhoofisha mtoto, na utumbo wenye njaa haujijengi. Mpe wali laini na choroko, samaki aliyechemshwa na kutolewa miiba vizuri, yai, viazi vilivyopondwa, ndizi mbivu. Chakula ninachokipendekeza zaidi ya vyote kwa hali hii ni ndizi mbichi. Chukua mzuzu au ndizi yoyote ya kupika ikiwa bado ya kijani, ichemshe na maganda yake mpaka iive kabisa, imenye, ipondeponde na maji ya moto na chumvi kidogo iwe laini. Wanga wa ndizi mbichi hausagiki wote kwenye utumbo mwembamba, unashuka mpaka utumbo mpana, na bakteria waliobaki wanauchachua kuwa zile asidi ambazo seli zinazililia. Huko Bangladesh ilijaribiwa kwa watoto wenye kuharisha kwa muda mrefu, ikasaidia. Ndizi hiyo ikishaiva ikawa tamu, wanga umeshageuka sukari, faida hiyo haipo tena. Bakuli dogo mara mbili kwa siku linatosha.

Tui zito liache siku mbili tatu, tumia tui la pili tu, kwani mafuta mengi hushuka bila kusagwa. Urojo na vitu vya barabarani visimguse. Maziwa ya ng'ombe matupu kama yanamwongezea gesi na choo kikali cha povu, yapunguze kwa wiki moja; utumbo uliochubuka hutoa kwa uchache kimeng'enya cha kusaga sukari ya maziwa.

Hapo ndipo mtindi unapoingia, kwani katika mtindi sehemu ya sukari hiyo imeshaliwa na bakteria. Mtoto wa umri wake ale vijiko vinne vya chakula, mara mbili kwa siku, bila sukari, ukiponda ndani yake ndizi kama unamchachukia. Usiununue ule uliokaa juani na usiojulikana kama maziwa yake yalichemshwa, maana maziwa mabichi yanaweza kuwa na bakteria wa brusela na wadudu wengine wa maradhi. Nyumbani ni rahisi: chemsha maziwa lita moja, yaache mpaka kidole kisafi kikivumilia ndani yake ukahesabu mpaka kumi, tia vijiko viwili vya mtindi mzima wa jana, funika, funga kwa kanga, uache saa sita mpaka nane. Kwa joto letu ukiuacha usiku kucha na mchana wake utachachuka mno. Mpe saa mbili baada ya dawa, ili dawa isiwaue bakteria wa mtindi pale pale tumboni. Amoksilini haigombani na maziwa. Zinazogombana ni siprofloksasini na doksisiklini, hizo maziwa huzishika zisifyonzwe.

Je, mtindi ni sawa na pakiti? Si sawa. Pakiti zilizochunguzwa kwa watoto wanaotumia antibiotiki zina aina mbili zinazojulikana kufanya kazi: bakteria *Lactobacillus rhamnosus* GG, na hamira ya *Saccharomyces boulardii*. Mapitio ya 2019 ya Cochrane, shirika linalokusanya na kupima tafiti za tiba, yalikusanya tafiti 33 na kukuta kuwa watoto waliopewa viumbe hawa pamoja na antibiotiki waliharisha asilimia 8, na wasiopewa asilimia 19. Tofauti hiyo ni ya kweli. Lakini angalia lini: walianza siku moja na antibiotiki au karibu nayo, na faida ilionekana zaidi kwa waliopewa kwa wingi, kuanzia bilioni 5 kwa siku. Wewe uko siku ya nne, tumbo limeshachafuka. Ukianza leo huenda ukapunguza siku moja hivi ya kuharisha. Kwa hiyo ikiwa fedha ni moja, nunua ORS, zinki na mayai. Ikiwa fedha ipo, nunua, lakini soma jina la kiumbe mpaka neno la mwisho, idadi yake, na tarehe. Pakiti iliyoandikwa "bakteria wazuri" tu bila jina kamili na idadi, iache dukani. Usiitie kwenye uji wa moto, utawaua wote. *Boulardii* kwa kuwa ni hamira haiuawi na amoksilini, inaweza kunywewa wakati wowote, ila dawa za fangasi huiua. Mtoto mwenye kinga dhaifu sana, njiti, au aliyewekewa mpira kwenye mshipa mkubwa asipewe bila daktari.

Wekundu wa makalio: choo cha namna hii kina uchachu unaochubua. Kila baada ya choo osha kwa maji matupu ya vuguvugu bila sabuni, kausha kwa kugusagusa, paka krimu ya zinki nene mpaka ngozi isionekane, na muache bila nepi kila unapoweza. Krimu ya safu ya chini usiisugue kuitoa, paka juu yake. Wekundu ukiwa ndani ya mikunjo na vipele vidogo vimetawanyika pembeni yake, hao ni fangasi waliopata nafasi baada ya bakteria kupungua; hapo inatakiwa klotrimazoli asilimia 1. Mtazame na mdomoni. Utando mweupe usiofutika kwa kitambaa ni fangasi vilevile, na dawa yake ni matone ya nistatini.

Akitapika ndani ya nusu saa baada ya dawa ya sikio, rudia kipimo mara moja. Zaidi ya nusu saa, usirudie.

Nenda Hospitali ya Wete bila kungoja asubuhi ukiona mojawapo ya haya: damu kwenye choo, anatapika kila kitu, hawezi kunywa au kunyonya, macho yameingia ndani, ngozi ya tumbo ukiibana inarudi polepole, analala kupita kawaida na haamki vizuri, hajakojoa saa sita au zaidi, amevimba uso au midomo, au ametoka malengelenge. Na choo kikiwa kingi kama maji ya mchele, mfululizo, usiseme ni antibiotiki. Kipindupindu hakijawa mgeni Zanzibar, na mtoto anaweza kupungukiwa na maji kwa saa chache tu. Mtoto wa kilo 10 aliyepungukiwa kiasi hupewa ORS mililita 750 ndani ya saa nne akiwa chini ya macho ya wahudumu, si nyumbani.

Asipoonesha lolote katika hayo lakini vyoo vikaongezeka kupita sita kwa siku, au homa ikarudi, rudi kwa aliyemwandikia na umwulize moja kwa moja: je, inafaa amoksilini peke yake, bila klavulaniki? Kwa masikio ya watoto wengi inatosha, na yeye aliyeliona sikio ndiye anayeweza kuamua. Kukatisha mwenyewe siku ya nne ni hatari zaidi kwa mtoto wa chini ya miaka miwili, umri ambao sikio hupona kwa shida.

Kwa kawaida choo huanza kushikana siku chache baada ya dozi kwisha. Bakteria wengi hurudi ndani ya wiki kadhaa, baadhi miezi, na wanarudi upesi zaidi wakilishwa: choroko, kunde, mbaazi, viazi vitamu, mchicha, papai, kidogo kidogo kila siku, na mlo mmoja wa ziada kwa siku kwa wiki mbili. Kuharisha kwa sababu hii kunaweza kujitokeza hata wiki nane baada ya antibiotiki, kwa hiyo akija kuharisha mwezi ujao mtajie daktari kuwa alitumia dawa hii. Kukipita siku 14 hakukomi, peleka choo kipimwe giadia na minyoo, na hapo ikiwa ni giadia, flajili ya bibi itakuwa imepata mahali pake.

Dawa itakayobaki kwenye chupa siku ya saba, mwaga.